Nchi Isiyo na Ila

Katika nchi yetu nzima hakuna mzazi aliyefahamishwa kunishinda mimi. Ulizeni popote. Nina cheti chenye muhuri wa rangi mbili na picha ya Waziri akiwa amefungua mdomo, na kimeandikwa kwa herufi za kushiba: MZAZI ALIYEFAHAMISHWA KIKAMILIFU. Nimekitundika ukutani, na kila mgeni akiingia humwambia akitazame kabla hajakaa. Ila nilikitundika juu chini, kikakaa hivyo mpaka jirani yangu Bi Mashavu akaniuliza Waziri amekosa nini hata ananing'inia kama popo. Macho yangu yalikwisha kustaafu, na shule yangu mie ni darasa la nne, ingawa hilo la nne nililisoma mara mbili kwa kulipenda.

Samahanini, nimesema "ila". Mazoea mabaya hayo. Mtanielewa mbele.

Nchi yenyewe siitaji jina. Siogopi, ni kwamba hubadilishwa jina kila anapopatikana mtu wa kupewa heshima, na mie sijafika mjini siku nyingi, nisije nikaitaja kwa jina la aliyeanguka. Jueni tu kwamba ina mlima upande huu na bonde upande huu, ina Rais mmoja na mawaziri wasiohesabika, na ina shule za kati. Shule ya kati ni ile anayopelekwa mtoto akishamaliza madarasa ya chini na kabla hajaziweza za juu. Analala huko huko. Mzazi haruhusiwi kumwona mpaka likizo, ati asije akamharibia akili kwa mapenzi.

*

Zamani watu wa nchi yetu tulikuwa tukisalimiana kwa adabu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibu "Salama." Humtupii mwenzio msiba usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Unasema salama kwanza, mnavuta pumzi wote wawili, ndipo unasema "ila". Salama, ila paa limeondoka na upepo. Njema tu, ila baba hatunaye. Salama ilikuwa kizingiti; ila ndiyo nyumba yenyewe.

Basi mwaka huo Rais akaja kufungua mwaka wa shule. Akasimama mbele ya mama mmoja mstari wa kwanza, akamwuliza kwa upole, maana ana upole mwingi mbele ya kamera: "Habari za shule, mama?"

"Salama, mzee," akajibu yule mama, "ila..."

Wenzangu, ila ile haikuisha. Kisima kimeoza. Mwalimu wa hesabu aliondoka, na hesabu akaenda nazo. Vitanda vya bweni vimeliwa na mchwa, na mchwa wenyewe ukiwatazama wamekonda. Rais alisimama juani mpaka rangi ya nywele ikamtiririka shingoni. Yule mama alipelekwa mahali akapumzike, na mpaka leo anapumzika.

Haukupita muda ikaundwa Wizara ya Kuwafahamisha Wazazi Mapema, akapewa Mheshimiwa Ngulumbi, mtu mwenye tumbo la kusadikika. Akaja bondeni kwetu kutuhutubia. Tulikaa chini, yeye akakalia kiti kilicholetwa na gari lake chenyewe.

"Wananchi!" akasema. "Serikali yenu imegundua kwamba wazazi mnachelewa kupata taarifa za watoto wenu. Na kwa nini mnachelewa? Kwa sababu taarifa zilikuwa zinasubiri mambo yatokee!"

Tukapiga makofi.

"Hatusubiri tena! Taarifa za kila mtoto, za mwaka mzima, zimekwisha kutayarishwa. Hata sasa ninapozungumza, watoto wenu wamekwisha kufaulu!"

Makofi.

"Pili. Taarifa zilikuwa ndefu. Wataalamu wetu wameuchunguza urefu huo, wakakuta wote unatokana na neno moja dogo la herufi tatu. Neno hilo tumelifuta. Ndugu zangu, kitu kisicho na kasoro huitwaje? Huitwa kisicho na ila. Kwa hiyo nchi isiyo na ila ni nchi isiyo na ila!"

Hapo tulishangilia mno. Hatukuwa tumeelewa, ila askari walikuwa wameelewa, na walikuwa wanatutazama mikono.

Bi Mashavu akanyoosha kidole. "Mheshimiwa, na 'lakini' je?"

"Lakini inachunguzwa," akasema Waziri. "Tatu na mwisho. Mtoto naye atamletea mzazi wake neno, kila wiki, kwa mdomo wa Afisa Mfahamishaji. Neno ni 'Salama'. Na amri ya kulitamka ni moja nchi nzima. Watoto! Semeni!"

"Salama!" wakaitikia watoto waliopangwa kando ya jukwaa.

"Abee!" akaitikia mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, akasimama wima.

Watu wakaangua kicheko, hata askari mmoja akajisahau. Huyo alikuwa mjukuu wangu, na jina lake ni Semeni.

*

Semeni ni mtoto wa binti yangu Havijawa. Havijawa alikwenda nchi ya mbali kulea watoto wa watu ili apate ada ya mtoto wake, nami nikabaki kulea wa kwake ili yeye aweze kulea wa wale. Dunia ndiyo ilivyo, kila mtu ameshika mtoto wa mwenzake.

Jina nilimpa mie. Alizaliwa kimya, hakulia, na sisi wanawake chumbani tukawa kimya kumsikiliza. Mkunga ndiye aliyeudhika: "Semeni basi jamani, mtoto asikie kuna watu!" Tukasema, akalia. Tangu siku ile hakunyamaza. Alikuwa na jino la mbele lililopanda juu ya jingine, kama mtu anayechungulia harusi ya watu, na mie alikuwa haniiti bibi ila akitaka kitu. Aliniita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu mume wangu, babu yake, alikuwa mume wetu sote.

Mchana mmoja kabla ya safari nilikuwa namsuka nywele za shule.

"Mke mwenzangu," akasema, "nikiumwa huko nitasemaje? Neno lenyewe moja."

"Kwani una mpango wa kuumwa?"

"Hata serikali huumwa, mke mwenzangu."

"Shusha sauti, utatupeleka tukapumzike."

Nikasuka mistari kama miwili nikifikiri. "Sikiliza. Ukiwa mzima sema 'Salama'. Ukiumwa, tia 'sana'. Mtu mzima wa afya akiulizwa husema salama akapita zake. Anayetia sana ana lake moyoni."

"Na hiyo sana si neno la pili?"

"Hilo ni pambo. Serikali haijawahi kukataa pambo."

"Nitaivuta, basi, uijue kuwa ni yangu. Salama saaaana!" Akacheka hata kitana kikaniponyoka, nikamchapa bega kwa mkono mtupu. Nikamwambia nitakapoisikia sana hiyo nitafunga kanga na kuja, na geti lao nitalipita hata kwa kulitafuna.

"Kwa meno gani, mke mwenzangu?"

Mtoto mjeuri.

Asubuhi ya safari alikuwa uani anafunga godoro kwa kamba, Afisa Mfahamishaji akatokea na baiskeli na kipaza sauti chake. Huyo ni Bwana Matimbwa, mtu wa mlimani. Na hapa lazima niwaeleze, maana wageni huwa hawatuelewi. Watu wa mlima na watu wa bonde ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ukacheka, na hasa msibani. Wafiwa wakizidiwa, mtani ndiye anayeingia akamwiga marehemu, akakaa juu ya jembe, akazuia jeneza mlangoni, mpaka anayelia acheke kwa lazima na roho irudi mahali pake. Msiba usio na mtani kwetu ni kama mboga isiyo na chumvi. Bwana Matimbwa, masikini, hakuna aliyewahi kumsikia akitania. Tulisema alizaliwa mlimani kwa makosa ya karani.

Akawasha kipaza sauti, na mie nimesimama naye hatua mbili. "Mzazi! Semeni amewasili shuleni. Amekula vizuri. Amejibu swali la jiografia. Ni wa tatu darasani."

"Bwana Matimbwa, mtoto si huyo hapo anafunga godoro?"

Akamtazama Semeni, akatazama mbingu. "Hiyo ndiyo maana ya mapema, bibi."

"Wa tatu!" Semeni akaruka. "Wa kwanza ni nani?"

"Mtoto wa Mkuu wa Wilaya."

"Yule si bado ananyonya?"

"Atakuwa amemaliza," akasema Bwana Matimbwa, akaingia nyumba ya pili. Mwaka mzima alikuwa ameukariri kichwani, wa watoto wote wa bonde.

*

Wiki za kwanza zilikwenda. Kila wiki Bwana Matimbwa alipita, akanieleza kwamba mjukuu wangu amekula vizuri na amejibu swali la jiografia, na mwishoni akanipa neno la mtoto mwenyewe: "Salama." Hilo moja ndilo nililokuwa nikilisubiri, mengine nilimwachia yeye na jiografia yake. Nikisikia salama tupu, nilipika nikala. Nilikuwa mzazi mwenye raha. Hapo ndipo nilipopewa cheti.

Kisha siku moja akaja, akamaliza ya kwake, akavuta pumzi, akasema: "Na mtoto anasema, Salama sana."

Mwiko wa ugali ulinidondoka. Sikumuaga hata. Niliingia ndani, nikafunga kanga ya safari, nikatia ndizi mbili kwenye kikapu. Natoka tu mlangoni nikasikia kipaza kwa Bi Mashavu: "Salama sana." Nyumba ya tatu: "Salama sana." Ya nne vile vile. Bonde zima lilikuwa salama sana. Nikamkimbilia, nikashika baiskeli.

"Bwana Matimbwa, watoto wote wamesema hivyo?"

"Wote, bibi. Kwani hukusikia redioni? Mheshimiwa Waziri alikagua shule yetu. Akasema 'Semeni!', watoto wakasema 'Salama!' Basi mtoto mmoja wa nyuma akaongeza 'sana', tena kwa kuivuta. Waziri alifurahi mpaka akavua miwani. Akasema, huyu ndiye raia wa kesho. Papo hapo akaamuru salama zote za nchi zitiwe sana, na zivutwe."

"Mtoto gani huyo?"

"Hiyo ni taarifa ya ngazi ya taifa. Wewe ni ngazi ya mzazi."

"Ana jino limepanda juu ya jingine?"

"Meno hayamo katika taarifa, bibi. Niachie baiskeli."

Nilikwenda. Magoti yangu yalikataa njiani, tukagombana, nikayashinda. Getini kulikuwa na ubao: MZAZI, UMEKWISHA KUFAHAMISHWA. RUDI SALAMA. Neno "sana" lilikuwa limeongezwa kwa rangi mbichi, bado linanuka. Chini ya ubao alikaa mwanamke wa zamu, anasuka ukili.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu," nikamwambia.

"Hukufahamishwa?"

"Nimefahamishwa mpaka nina cheti."

"Sasa kumwona kwa nini?"

"Kuona ni kuona tu, mwanangu. Nimtazame uso nirudi."

"Mama," akasema, wala hakuwa mkali, "kuona ni kutilia shaka. Ukimwona wewe, kesho watataka kuona wote, na taarifa zitakosa kazi. Rudi mama, usinitie matatani, nami nina watoto."

"Wako shule gani?"

"Ya kati. Ya wilaya ya pili." Akainamia ukili wake. "Wako salama sana."

Nikajifanya narudi, nikauzunguka ua wa michongoma mpaka upande wa mabweni. Sikuona ndani, miiba ilikuwa minene. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Semeni!"

Shule nzima ikaitika kwa sauti moja: "Salama saaaana!"

Nikafikiri sikusikia vizuri. Nikaita tena, "Semeni! Ni mie, Semeni!"

"Salama saaaana!"

Mara ya tatu nilibana pumzi, nikasikiliza kama anavyosikiliza mkunga. Nilikuwa natafuta moja tu kati ya zote zile, moja yenye kucheka mwishoni. Zote zilikuwa zimevutwa sawasawa. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

Zile ndizi nilizitupa juu ya michongoma, nikasikia zimeanguka, nikarudi nyumbani. Niambieni ni mzazi gani mwingine katika nchi hii aliyewahi kufahamishwa na shule nzima kwa mara moja.

*

Mwalimu Chilumba alikuja asubuhi moja anasukuma mkokoteni peke yake. Kijana tu, mwalimu wa Kiswahili, shati limeloa mgongoni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na blanketi la bweni, na blanketi halikuwa tupu. Akasimama nje ya baraza yangu, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Salama, bibi."

Nikangoja. Yeye akangoja.

"Habari za shule?"

"Salama sana."

"Na Semeni?"

Mdomo ukamfunguka. Neno lililofutwa nililiona limesimama kooni mwake, linapanda na kushuka kama mfupa wa samaki. Mtu wa sheria, mtu wa mshahara, hakuweza kulitoa. "Hajambo," akasema. "Semeni hajambo, bibi." Kisha akakaa mavumbini na kofia yake.

Neno hilo nimelitumia tangu nilipoanza kusema, sikuwahi kulivunja nikalitazama ndani. Asubuhi hiyo nililivunja. Hajambo. Hana jambo. Mwalimu hakusema uongo. Njaa haikuwa jambo lake tena, wala homa, wala mimi.

Baadaye alininong'oneza sikioni, kwa kuwa kuta nazo zimeajiriwa. Ilikuwa homa, homa ya kawaida hii inayotibika. Akampeleka kwa mganga wa shule, mganga akatazama taarifa akakuta mwezi huo Semeni haumwi, akamrudisha darasani. Mwalimu mkuu akaombwa aniite, akasema bibi huyo ameshafahamishwa mpaka mwisho wa mwaka, atafahamishwa mara ngapi? Na kila walipomwuliza Semeni mwenyewe hali yake, alisema salama sana. Aliivuta, akasema Mwalimu. Aliivuta mpaka pumzi ikamwisha, na kiranja wa bweni akampongeza.

*

Habari ya msiba haina wizara, na bado jua halijapanda uwanja wangu ulikuwa umejaa. Wanawake tulikuwa ndani na mtoto. Watani wa mlimani nao wakafika, wakaanza kazi yao. Mzee Kolowa alikuwa amekalia jembe la kuchimbia kaburi: "Watu wa bonde hamjui kuchimba, mnaparura kama kuku! Hatoki mtu hapa bila chai." Mwingine alikuwa ameweka kitana nyuma ya sikio, anamwiga Semeni anavyobishana. Watu walikuwa wanalia na pembeni ya mdomo inacheka. Mie nilikuwa mlangoni, sikuwa nalia wala sicheki. Nilikuwa nimekauka.

Jeneza lilikuwa ndiyo linatolewa. Kengele ya baiskeli ikalia, na Bwana Matimbwa akaingia uwanjani, jasho linamtoka, amechelewa ratiba. Hakutazama huku wala huku. Akawasha kipaza.

"Mzazi! Mjukuu wako Semeni hajambo. Jana amekula vizuri. Amejibu swali la jiografia."

Mzee Kolowa akapiga mayowe ya furaha, akajipiga mapaja. "Loh! Matimbwa! Kumbe nawe mtani!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wanaume walioshika jeneza ilibidi walishushe. Wanawake walitoka ndani wamejifunga kanga midomoni, mabega yanaruka, machozi yanamwagika. Utani wa namna ile hatukuwahi kuuona: mtu kuja na baiskeli kabisa, na kipaza sauti, na uso mkavu!

"Endelea, mtani!" wakamwambia. "Na darasani je?"

"Ni wa tatu darasani," akasema Bwana Matimbwa, ameanza kushangaa.

Wakaanguka. Bi Mashavu alikaa chini kabisa. Hata mie, Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka, kikatoka na kilio kilichokuwa kimekwama, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi ni kipi.

"Mbona mnacheka?" akasema. "Sitanii mimi! Niko kazini!"

"Ndivyo asemavyo mtani wa kweli!" Mzee Kolowa akamkumbatia, wakambeba juu juu. Akawa anapiga miguu hewani na kipaza chake, "Sitanii! Niko kazini!" na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kumtunza, mmoja kamvisha kanga, mmoja kamtia kitumbua mdomoni.

Kutoka huko juu ndipo alipoliona jeneza. Dogo, kama sanduku la kubebea vyombo.

"Nishusheni," akasema. Wakamshusha. "Nani amefariki?"

"Acha basi," Mzee Kolowa akasema, bado anafuta macho. "Utani nao una kipimo."

"Nani amefariki?"

"Semeni," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda, midomo inakwenda, anapekua kichwani mwake mwezi baada ya mwezi. "Haiwezekani, bibi," akasema taratibu. "Semeni hajambo mpaka Novemba."

Kicheko kilikatika kama kamba ya kisima. Watu walimtazama, na mmoja mmoja wakaelewa kwamba muda wote ule mtu yule hakuwa akitania.

"Basi kaeni naye nyie mpaka Novemba," Bi Mashavu akamwambia, akaingia ndani.

Wanaume wakalinyanyua jeneza wakaenda. Bwana Matimbwa alikaa kwenye ukingo wa baraza yangu na kanga ya watu mabegani. Kipaza alikuwa amekisahau mapajani hakijazimwa, na pumzi zake zilisikika bonde zima, zikipanda na kukatika, mpaka wazikaji walipokwisha kufukia.

*

Kesho yake Wizara ilitangaza redioni kwamba imesikitishwa na mwanafunzi mmoja kutofuata taarifa zake.

Siku hiyo hiyo simu ya Bi Mashavu ikalia. Alikuwa Havijawa. Huko aliko hupewa simu siku anayopenda bibi mwenye nyumba, na hati yake ya kusafiria imefungiwa kabatini. Kuja hawezi. Yuko ghorofa ya kumi na watoto wa watu, hana wa kumshika bega. Bi Mashavu alininyooshea simu kama anayenipa kaa la moto, nikaipokea na kuingia nayo chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyie huko?"

"Salama."

"Salama tu? Hakuna ila?"

"Ila ilifutwa, mwanangu. Huna habari wewe."

Akacheka. Kicheko kile kile, cha kurithisha. "Na Semeni wangu? Wanakufahamisha vizuri?"

"Mpaka tumechoka."

"Anakula?"

"Anakula vizuri," nikasema. "Jana amejibu swali la jiografia. Ni wa tatu darasani."

Maneno yalikuja yenyewe, hayakunipa taabu hata kidogo. Sikujua kuwa nami nimeyakariri.

"Wa tatu! Mama! Nimemnunulia viatu, vyeusi, vya mkanda. Namba nimekisia tu. Mguu umekua?"

"Umekua kidogo."

"Basi vitamtosha." Akavuta pumzi. "Mama, mbona nasikia watu wengi hapo?"

"Mkutano wa wazazi. Si unajua mwanzo wa mwaka. Tunafahamishwa."

"Nyumbani kwako?"

"Wameona uwanja wangu mkubwa."

Huko nje wanaume walikuwa wamekwisha kukaa mkekani, na wote wakaanza kusoma kwa pamoja. Nilirusha upande wa kanga juu ya simu. Bi Mashavu akakimbilia mlango kuufunga. Wote wawili tulichelewa.

Nilisikia mtoto wa watu analia huko ghorofani na hakuna anayembembeleza.

"Mama," akasema Havijawa, "ni mkutano gani wa wazazi unaosomewa Yasini?"